Dawa ya Koti

Kakesio, 11 Januari 2025

Wifi yangu Bertha,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, hata kama uko na mteja mbele yako. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha miaka yangu. Wasichana wa bweni wamerudi shule Jumatano, arobaini na watatu, na tayari mmoja ameingia na surua. Mbuzi wangu wamefika saba. Mvua imenyesha mara mbili tu. Mama hapo Mbulumbulu anaendeleaje na miguu? Na Evelyn wangu anakusaidia kazi au anakaa na simu tu? Usimwonee huruma kwa sababu ni mtoto wa kaka yako. Mchape kwa maneno.

Nimekuandikia barua kwa sababu simu huku unaijua. Ili nikupigie inabidi nipande kile kilima cha nyuma ya shule, nikifika juu niseme kwa sauti kama mnadi wa mnada, na walimu wote wako chini wanasikiliza. Jambo hili si la kupigiwa kelele. Barua anakuletea Patrisi na lori lake, amekwisha kuniapia kwamba hataifungua.

Wifi, mwezi wa kumi na mbili lilipita hapa gari la watalii, likasimama shuleni kuomba maji ya kuongeza kwenye rejeta. Akashuka mpishi wao, kijana wa heshima, akaniona na sare yangu ya matroni, akauliza jina. Nilipomwambia mimi ni mke wa Silvanus mpishi, akacheka kwa furaha, akasema, "Shemeji! Umehamia huku lini? Si juzi tu Silvanus alitualika kwako pale Karatu, tukala makande uliyotuachia ukiwa umetoka?"

Nikamwambia, "Nina miaka sita hapa Kakesio, sijapika makande Karatu."

Yule kijana alikunywa maji yake yote, akaenda kukaa ndani ya gari.

Nimekaa na hilo mwezi mzima. Krismasi Silvanus hakuja. Alituma salamu kwamba kazi ni nyingi, atakuja msimu ukiisha, mwezi wa nne. Mara ya mwisho alikuja mwezi wa kumi, siku nne, bila lile koti la kaki, lile nililolishonea kifungo cha pembe ya ng'ombe kilipopotea cha kwanza. Alisema limeibwa kambini.

Koti lile lilinitia shaka, na mwezi wa kumi na moja nilipima VVU kwenye gari la kliniki. Nashukuru Mungu, niko salama. Nikamnong'oneza nesi: nasikia kuna vidonge vya kumeza mtu asiye na virusi, asije akavipata, wanaita dawa kinga. Akasema vipo, ila wewe umeolewa, njoo na mume wako tuwashauri pamoja. Wifi, huyo mume ningekuwa naweza kumshika mkono nikamleta, dawa ingekuwa ya nini?

Nasikia sasa hata famasi kama hiyo yenu wameruhusiwa kuzitoa, kwa majaribio. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, nipatie hizo dawa kabla ya mwezi wa nne. La pili, wewe unaishi Karatu, si mji wa kupoteana. Niambie kweli: huyo mwanamke yupo?

Nakusubiri. Mungu akulinde.

Wifi yako,
Dorkasi

*

Karatu, 2 Februari 2025

Mpendwa wifi Dorkasi,

Milele na milele amina. Barua yako niliipata mkononi mwa Patrisi, haijafunguliwa. Mama hajambo, miguu inavimba akikaa na inapungua akilala. Ngano ya Mbulumbulu mwaka huu imekuwa ya wastani. Evelyn anajitahidi, amekuwa wa sita darasani, ila ugali wake bado una mabonge.

Wifi yangu, nilisoma barua yako nikapiga magoti. Ndoa ina majaribu na shetani hapendi nyumba yenye sala. Wapishi wa safari ni watu wa maneno mengi, wakikaa kwenye moto usiku wanatunga chochote. Huyo kijana labda alichanganya Silvanus na mwingine. Silvanus ni kaka yangu, nimembeba mgongoni. Hakukosa Komunyo ya kwanza, hakukosa Kipaimara.

Kuhusu hizo dawa, nikueleze ukweli wangu. Mfamasia wetu, Fabian, alipoingia kwenye huo mpango, nilimwambia wazi kwamba mkono wangu hautazitoa. Niuzie watu panadol, amoksilini, dawa za shinikizo, sawa. Hizo zinamwambia mtu nenda ukatende dhambi, utarudi salama. Fabian akaniheshimu. Ameziweka kabati la chini anazitoa mwenyewe. Akiwa Arusha, anayekuja kuziulizia namwambia arudi siku nyingine. Sasa nikupe wewe, mke wa ndoa takatifu, tena mama wa Evelyn? Watu wakizikuta kwako watasema nini? Zinafanana na za wagonjwa.

Nimekutumia rozari iliyobarikiwa na Padri. Sali novena siku tisa kwa nia ya Silvanus. Nimekutumia na chumvi, sukari na ile krimu ya mgongo.

Nakuombea,
Wifi yako Bertha

*

Kakesio, 10 Februari 2025

Bertha,

Salamu utaziona mwishoni.

Rozari ninayo. Ninayo ya mama yangu marehemu, ya mbao, nimesalia nayo miaka ishirini na mbili nikiwa mke wa kaka yako, nimesalia mimba zilizoharibika mbili, nimesalia Evelyn akiwa na degedege, na novena nimeshasali tatu tangu Desemba. Usinifundishe kusali. Nilikuomba dawa, wewe ukiwa umesimama hatua tatu kutoka kwenye kabati lenye dawa, ukanitumia rozari! Mtu akija hapo dukani kwenu na kidonda unampa sanamu ya Bikira Maria?

Unasema zinamwambia mtu akatende dhambi. Mimi naenda kutenda dhambi wapi? Bwenini? Kwenye zizi la mbuzi? Dhambi yangu ni kwamba mume wangu wa kanisani atakuja mwezi wa nne na begi lake, ataoga, atakula, atalala kwenye kitanda changu, na nikisema sitaki, ataniuliza nani ameshika nafasi yake. Na nikisema tukapime kwanza, atasema nimemtukana. Nimeshalisema neno hilo miaka minne iliyopita. Alinyamaza wiki nzima, akaondoka bila kuaga mtoto. Ulijua hilo? Hukujua, kwa sababu ninyi upande wenu mnasimuliwa mabaya ya wake tu.

Na hao unaowaambia warudi siku nyingine, ni wangapi, Bertha? Ulishawahi kujiuliza wanarudi kweli?

Halafu swali langu la pili hukulijibu. Umeandika Komunyo, umeandika Kipaimara, umeandika umembeba mgongoni. Mimi sikuuliza alivyobebwa. Nimeuliza kama mwanamke yupo. Mtu asiyejua angeandika "sijui". Hilo neno nimelitafuta kwenye barua yako mbele na nyuma, halimo.

Chumvi nimeipokea. Krimu nayo nashukuru. Rozari nimempa msichana mmoja wa bweni ambaye hana.

Msalimie Mama. Evelyn mwambie ugali unasongwa, haukorogwi.

Dorkasi

*

Karatu, 23 Februari 2025

Wifi Dorkasi,

Mama anakusalimu sana. Evelyn nimempa maneno yako ya ugali, akacheka, akasema ni wewe kabisa.

Nilikuwa nimekasirika. Nilianza kukuandikia kurasa mbili kwamba usimtukane kaka yangu wala imani yangu, nikazichana. Nikueleze sababu, halafu usiniulize zaidi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kusali kwa mama mmoja hapa mtaani, mjane, mgeni kidogo kwetu. Unajua tunavyofanya, kila wiki nyumba moja. Mimi ndiye niliyeongoza. Waliniweka kwenye kigoda karibu na meza, uso wangu umeelekea mlangoni. Mlango ulipofungwa kwa sababu ya vumbi, nikaona kilichokuwa kimening'inia nyuma yake. Nilisali makumi matano yote ya rozari macho yangu yakiwa pale pale. Kwenye la tatu nilisahau tendo, mama mmoja akanikumbusha.

Nilichokiona sitakiandika. Yule ni kaka yangu, tumbo moja. Afya ya yule mama siijui, na hata ningeijua si kazi yangu kuinadi.

Njoo. Fabian anasema mara ya kwanza lazima akuone mwenyewe kwa macho, akupime, akuulize maswali, ndipo akupe. Nimemwomba nikutumie tu, amekataa, anasema huo ndio utaratibu, na kumpa dawa kinga mtu ambaye tayari ana virusi ni kumharibia matibabu. Nimemwambia wewe uko mbali, akasema hata walio mbali wana damu. Ana majibu yake yule.

Patrisi anashuka kutoka huko Jumanne tarehe nne Machi. Waambie shuleni unakuja kung'oa jino. Mungu atanisamehe kwa kukufundisha uongo siku moja kabla ya Majivu.

Bertha

*

Kakesio, 18 Machi 2025

Wifi yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Kwaresima inakwenda vizuri na Mama amepata nafuu.

Kabla sijakasirika tena, niseme asante. Nilipanda lori na mbuzi thelathini na wawili, mmoja amenikalia miguuni kutoka Endulen mpaka geti la hifadhi, lakini nilifika. Na nilikuona, Bertha. Nilikuona Fabian alipokuambia leta ile chupa ya kabati la chini. Ulisimama kidogo, ukafuta mikono kwenye koti lako jeupe, ukaenda.

Fabian ni mtu wa adabu. Aliniuliza mambo ambayo hata kwenye kitubio sijaulizwa, tena kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya. Kipimo kilipotoka safi nikataka kulia, akasema, "Mama, kunywa maji kwanza, vidonge vinaingia vizuri kwenye maji kuliko kwenye machozi." Akasema nimeze kila siku bila kuruka, na nivipe wiki tatu mwilini ndipo nivitegemee. Nikapiga hesabu, tarehe ishirini na saba. Silvanus atanikuta nimekwisha kuwa salama.

Sasa sikia tulichokifanya mimi na wewe, werevu wawili.

Unakumbuka ulivyosema chupa yenye maandishi watu wa lori wataisoma. Ukavimimina kwenye kopo la dawa ya minyoo ya mbuzi, tukacheka sana, ukasema nani atafungua dawa ya mbuzi. Wifi, wewe umezaliwa kwenye mashamba ya ngano, si kwa wafugaji. Na mimi miaka sita hapa sijajifunza. Kakesio hii ukiwa na dhahabu ndani hakuna atakayeigusa. Ukiwa na dawa ya mbuzi, ni ya kijiji kizima.

Jumamosi nilikuwa kisimani na wasichana. Nashilu, jirani yangu, yule mama mrefu wa Kimaasai anayeniita yeyo, yaani mama, alikuja kuazima chumvi. Akaona kopo juu ya kabati. Hakuiba, hapa jirani haibi, anachukua halafu anakuambia. Alivisaga vidonge vyote, akachanganya na maji kwenye chupa ya soda, akawanywesha mbuzi wake. Nimerudi ananipokea njiani, anashukuru: "Yeyo, Mungu akubariki, dawa yako ni kali, hata povu imetoa."

Nilikaa chini palepale barabarani na ndoo yangu kichwani.

Mbuzi kumi na mmoja wa Nashilu sasa hawawezi kupata Ukimwi. Mimi ninaweza.

Nimemeza tisa tu. Lile gari la kliniki halijaja tangu Januari, wanasema halitakuja tena, hakuna anayejua sababu. Silvanus ametuma salamu kwamba msimu umeisha mapema, atafika Jumapili ya Matawi. Nitumie nyingine haraka, kwa lori hili hili likirudi. Nakuomba. Nimechoka kuomba, lakini nakuomba.

Dorkasi

*

Kakesio, 14 Aprili 2025

Bertha,

Wiki nne. Sijui kama mvua imekula barabara au wewe umerudia dhamiri yako. Najua lile korongo la njiani limejaa maji, najua Patrisi amekwama. Lakini nimekasirika, na wa kumkasirikia niliye naye karibu ni kaka yako, na huyo siwezi kumwambia. Kwa hiyo unapata wewe.

Alifika jana na tawi la mtende mkononi kama mtakatifu. Ameleta sukari, mchele wa Magugu na kitenge. Amenenepa. Nilimwambia mlangoni, nimeweka nadhiri Kwaresima hii, kila mtu na kitanda chake mpaka Pasaka. Alinitazama.

"Nadhiri ya nini?"

"Ya kuombea familia."

"Umeanza lini mambo haya?"

"Tangu makande," nikamwambia. Lilinitoka. Akakohoa, akauliza mbuzi wamefika wangapi.

Nashilu nimemweleza kila kitu, ilibidi, maana alikuwa amekuja kuazima dawa ya mbuzi nyingine. Nilidhani atakimbia kunitangaza. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Halafu akasema mume wake huwa anakaa Loliondo miezi mitatu, na akaniuliza kama zile dawa zinatolewa kwa mtu asiyejua kusoma. Bertha, ananiuliza hivyo mtu aliyewanywesha mbuzi.

Jana jioni alikuja na shanga zake, akakaa katikati ya sebule anashona, Silvanus anapiga miayo, yeye anashona, na leo atarudi. Silvanus alimwambia, "Mama, nyumbani kwako hakuna taa?" Akajibu, "Ipo. Ya hapa ni nzuri." Akaendelea.

Lakini Pasaka ni Jumapili. Kwaresima ikiisha nadhiri imeisha, na Nashilu hawezi kushona shanga mwaka mzima. Sina kidonge hata kimoja. Unasikia? Ninayo dini, ninayo ndoa, ninayo rozari ya mama yangu, sina dawa. Na wewe unazo, kwenye kabati la chini.

Kama umeamua kuninyima, andika. Usikae kimya tena. Ukimya wenu ndio umenifikisha hapa.

Dorkasi

*

Karatu, Alhamisi Kuu, 17 Aprili 2025

Dorkasi wifi yangu,

Sikukunyima. Barua yako ya mbuzi ilinifikia tarehe kumi na mbili, ikiwa imelowa, Patrisi amekaa Endulen wiki tatu akisubiri maji yapungue. Hii ya pili imeletwa leo asubuhi na kijana wa pikipiki. Kesho Ijumaa Kuu Patrisi anapanda tena, ameniahidi hata kama ni kuvutwa na ng'ombe.

Niliposoma ya mbuzi nilienda kwa Fabian. Akasema ana fomu ya kujaza kwa kila chupa, chupa ya kwanza haijafikia siku ya kuisha, je, aandike zimekwenda wapi?

Nikamwambia, "Andika mbuzi."

"Dada Bertha, siwezi kuandika mbuzi kwenye fomu."

"Basi andika kwamba mwanamke yuko maili nyingi mbali nawe, gari la kliniki limekufa, barabara imekatika, mume ameshafika, na wewe umekaa hapa unaogopa karatasi. Ukimaliza kuandika nisomee nisikie kama inasikika vizuri."

Wateja walikuwa watatu. Wote wakasoma maandishi ya ukutani. Dorkasi, sijawahi kumpandishia sauti bosi maisha yangu yote. Fabian alikaa, akavua miwani, akaandika: mbuzi. Halafu akaniambia, "Na wale uliokuwa unawaambia warudi siku nyingine, nilikuwa nikiandika nini kwenye fomu? Sikuandika chochote. Nilikuheshimu. Nilikosea."

Uliniuliza ni wangapi. Ninaowakumbuka ni sita. Mmoja alikuwa binti wa mapokezi wa hoteli, alikuja akiwa amejifunga mtandio mpaka puani. Nilimwambia Fabian hayupo. Alinunua panadol ambayo hakuihitaji, akaondoka. Natazama kila binti mwenye mtandio hapa mjini. Sijamwona tena.

Chupa ninayotuma ina maandishi yake yote. Sijaificha kwenye kopo. Tulivyoficha tuliona. Kipimo cha mate nimeweka pia, ujipime kabla ya kuanza tena, Fabian ameandika maelekezo kwa Kiswahili kikubwa. Na wiki tatu zinaanza upya. Usizikatishe hata akilia.

Kuna kifurushi kingine kimefungwa na kamba ya katani. Nimekichukua Jumanne. Nilikwenda kwa yule mama, nikabisha, nikamwambia nimekuja kuchukua nguo ya kaka yangu. Hakubisha wala hakushangaa. Aliuliza tu, "Kaka yako ana mke?" Nikamwambia anaye, na ana mtoto wa kidato cha tatu. Akakaa kitandani. Mimi nikaenda nyuma ya mlango nikaitoa.

Jibu la swali lako la Januari limo ndani ya kifurushi. Nisamehe kwamba nimechukua miezi mitatu.

Pasaka njema haitakuwa, lakini Bwana amefufuka hata kwa wenye hasira.

Wifi yako,
Bertha

*

Kakesio, 18 Mei 2025

Wifi yangu Bertha,

Kristo amefufuka. Mama mpe pole ya miguu, mwambie mwezi wa sita nitakuja na mafuta ya kondoo. Evelyn amenitumia ujumbe kwamba ugali wake sasa unasimama. Nitaamini nikiula.

Patrisi alifika Jumamosi ya Pasaka, saa sita mchana, lori limejaa matope mpaka madirishani. Silvanus alikuwa mnadani anaangalia mbuzi wa sikukuu. Nilijipima kwanza, nikasali Salamu Maria moja, siyo tano, kwa sababu sikuweza kusubiri. Kipimo kikatoka safi. Nikameza kidonge. Kisha nikafungua kifurushi.

Kifungo changu cha pembe bado kipo. Uzi ni ule ule.

Nililipiga pasi. Ndiyo, nililipiga pasi, nikalitundika kwenye msumari wa sebuleni, mahali mtu akiingia analiona kabla hajaniona mimi. Chupa nikaiweka mezani kando ya chumvi, maandishi yametazama mlangoni. Nashilu alikuwepo na shanga zake. Nilimwambia leo unaweza kwenda. Akasema, "Leo ndiyo siendi."

Silvanus aliingia anaongea habari za mbuzi dume aliyempata. Akafika katikati ya sentensi, akaliona koti. Hakumaliza. Alisimama pale na kofia mkononi. Macho yakashuka kwenye meza, yakasoma chupa, yakapanda tena kwenye koti. Ulishamwona akiwa mdogo amevunja chungu? Nadhani ilikuwa sura ile.

Alitafuta kitu cha kushika, akashika chupa. Akajikaza sauti. "Hii dawa ya nini?"

Nikamwambia, "Ya koti."

Nashilu aliangusha shanga, zikatapakaa sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Baadaye alikuja na maneno. Shetani, upweke, kazi ya mbali, wenzake wote wanafanya. Nilimsikiliza nikimenya viazi. Nikamwambia, mimi nipo mbali kama wewe, umbali ni ule ule, mbona mimi sikuning'iniza gauni langu nyuma ya mlango wa mtu? Nikamwambia atalala sebuleni chini ya koti lake mpaka nitakaposema, siyo mpaka Pasaka, siyo mpaka Pentekoste. Na akitaka niseme, akapime. Alinyamaza kama ile mara ya miaka minne iliyopita. Safari hii sikumbembeleza.

Sijasamehe bado, Bertha, nisikudanganye, najua wewe utaniombea nisamehe. Kila jioni nameza kidonge mbele yake baada ya sala, na hasira inashuka nacho, kesho yake iko palepale.

Lakini nikueleze habari ya mnada. Umeshasikia kwa Fabian, sikia na kwangu. Barua niliyompelekea kwa Patrisi ilisema tu: njoo na meza yako, usiweke pazia wala bango, kaa pale wanapouza dawa za mifugo, hakuna mwanamke wa Kakesio anayeulizwa kwa nini amesimama pale. Alikuja. Alikaa kati ya muuza dawa ya kupe na muuza kengele. Nashilu ndiye wa kwanza. Alijitambulisha mwenyewe kwa sauti: "Mimi ndiye wa mbuzi." Fabian akainuka kwenye kiti akampa mkono. Walifuata wanawake kumi na wanne, na wanaume watatu ambao walikuja kweli kununua dawa ya kupe wakakuta foleni wakabaki. Mwalimu mmoja alikuwemo. Na nesi wa lile gari la kliniki, siku hizi yuko zahanati, alikuja kuangalia, yule wa "njoo na mume wako". Nilimwambia, "Karibu nesi. Leo mume umemleta?" Alicheka kidogo, halafu akaketi kumsaidia Fabian kuandika.

Silvanus alisimama kwenye nyama choma tangu asubuhi, akitazama. Nyama yake ilipoa. Saa tisa, watu wamepungua, alikuja akakaa kwenye lile benchi bila kunitazama, akamnyooshea Fabian kidole apimwe. Majibu yake ni yake, amepewa sikioni, na mimi sitayaandika wala wewe hutamuuliza Fabian. Umenifundisha hilo mwenyewe. Bado analala sebuleni.

Sasa jambo langu, na tafadhali usinijibu kwa sala peke yake. Yule mama wa kwenye mlango. Nimemchukia tangu Desemba, nilimpa sura, nilimpa sauti, nilimtukana nikisuka ukili. Halafu ukaandika kwamba alikaa kitandani. Naye alidanganywa, anapika makande hajui anampikia nani, na akija hapo dukani siku Fabian yuko Arusha atakukuta wewe.

Mpelekee chupa yake, Bertha. Apimwe, apewe, kwa mkono wako huo uliokuwa hautoi. Usimwambie nani amekutuma.

Lakini koti halirudi.

Wifi yako,
Dorkasi